Petroli, haibridi au umeme: gari lipi kwa milima yetu ya kusini?

Jirani yangu hapa Forest, Mbeya, hulaza gari lake likiwa limechomekwa ukutani. Ni Nissan Leaf iliyotumika, imetoka Japani. Alfajiri anachomoa waya, anaukunja, anapeleka watoto shule, anakwenda kazini Iyunga, anapitia Mwanjelwa kununua mboga, jioni anarudi na kuchomeka tena. Tangu alilete hajaonekana sheli.

Kila anayeliona anauliza swali lilelile: na mimi ninunue? Swali hilo hunifikia sana kwa sababu nafundisha fizikia, na ofisini kwetu mambo ya magari yakizuka hesabu naachiwa mimi. Huwa najibu kwa kuuliza: unakaa wapi, na unakwenda wapi mara kwa mara? Mtu wa Forest anayefanya kazi Iyunga na mtu wa Forest anayekwenda Kyela kila Ijumaa kumwona mama yake wanahitaji magari tofauti, hata kama mishahara yao inalingana.

Nitalinganisha magari matatu ambayo mtu wa kipato cha kati huku Nyanda za Juu Kusini anaweza kuyafikiria: gari dogo la petroli kama IST, Passo au Fielder, haibridi, yaani lenye injini ya petroli inayosaidiwa na mota ya umeme, kama Toyota Aqua au Prius, na la umeme mtupu, ambalo kwa magari yaliyotumika mara nyingi humaanisha Leaf. Gari la gesi asilia nimeliacha, kwa sababu vituo vya kujazia vimejikita Dar es Salaam na pwani, na mtu wa Njombe hawezi kushuka Kitonga kila mara kwenda kujaza mtungi. Mimi mwenyewe natembelea Fielder ya petroli, huu mwaka wa saba. Nalisema mapema ili msomaji ajue natokea upande gani.

Vigezo

Nitatumia sita: njia na mwinuko wake, nishati, yaani bei yake na upatikanaji wake, betri, spea na fundi, barabara ya vumbi na matope, bei ya kununua na ya kuuza, na mazingira. Havilingani uzito. Huku kwetu cha kwanza kinaweza kuamua peke yake, na cha mwisho ndicho kinachosemwa vibaya zaidi na pande zote mbili, kwa hiyo hivyo viwili nitakaa navyo zaidi.

1. Njia na mlima

Tambarare watu huuliza gari linakwenda kilomita ngapi. Sisi inabidi tuulize pia linapanda mita ngapi. Jiji la Mbeya liko mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, Iringa kama 1,600, Njombe inakaribia 2,000, na Kyela iko chini kabisa karibu na Ziwa Nyasa, mita 500 hivi.

Chukua safari ya Kyela kurudi Mbeya, zaidi ya kilomita 100. Unapanda hadi Tukuyu, unaendelea kupanda mpaka Isyonje, juu ya mita 2,000, ndipo unateremkia Igawilo na Uyole. Gari na abiria wake wenye jumla ya kilo 1,700, likiinuliwa mita 1,500, linataka karibu uniti 7 za umeme (kilowati-saa, zilezile za LUKU) kwa kazi ya kuinuliwa tu, kabla hujahesabu upepo na msuguano wa matairi. Kwa gari la petroli mlima huo ni lita kadhaa za ziada ambazo dereva hazioni. Kwa gari la umeme ndio unaoamua kama utafika.

*Umeme.* Leaf za kwanza, zilizoingia sokoni Desemba 2010, zilikuwa na betri ya uniti 24, na kwa vipimo vya Marekani matoleo yake yalikwenda kati ya kilomita 117 na 135 yakiwa mapya. Leaf ya uniti 40, iliyotoka mwishoni mwa 2017, hufika kilomita 240 hivi. Ya uniti 62, ya mwaka 2019, hufika kama 360. Sasa irudishe ile ya kwanza kwenye mlima wa Kyela, betri ikiwa imechoka na kubakiza uniti 15. Uniti 7 zinaliwa na mlima, 8 zilizobaki ni za kilomita 50 na kitu. Utakwama kwenye migomba ya Rungwe ukiwa na mchele wako kwenye buti. Ya uniti 40 yenye betri nzima inafika, na akiba inabaki. Lakini Mbeya hadi Iringa ni zaidi ya kilomita 300, na njia hiyo ipange kana kwamba hakuna mahali pa kuchaji haraka: kwa Leaf ya uniti 40 maana yake ni kulala Makambako.

Kushuka ndiko kunakolipendeza gari la umeme. Mota hugeuka jenereta, hurudisha sehemu ya umeme kwenye betri na kupumzisha breki. Kitonga na mteremko wa kwenda Mbalizi, ambako wote tumewahi kunusa breki za malori zikiungua, faida hiyo inahusu uhai kabla ya pesa. Ila betri iliyojaa pomoni haina pa kuweka umeme huo, kwa hiyo anayeishi juu ya mlima asichaji hadi asilimia 100 akijua ataanza safari kwa kushuka. Tena mota haivuti hewa: nguvu iliyonayo Dar ndiyo iliyonayo Njombe.

*Haibridi.* Betri ya Aqua haifiki hata uniti moja. Kwenye mwinuko mrefu inaisha mapema na gari linabaki na injini yake ya petroli, inayolia kwa nguvu. Kwenye mteremko inajaa baada ya kushuka mita zipatazo 200 kwenda chini, na kuanzia hapo hakuna msaada mwingine wa betri. Weka gia kwenye B ili injini ishike gari, usitegemee pedali ya breki. Kwa umbali, hili ndilo linaloshinda njia ndefu: tangi la lita 36 linaweza kukutoa Mbeya hadi Iringa na kukurudisha.

*Petroli.* Injini isiyo na tabo, yaani pampu ya kuisukumia hewa, hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Hapa Mbeya ni kama asilimia 17. Ndiyo maana Passo iliyopakia watu watano inapanda Isyonje kwa gia ya chini huku malori yanaisogelea nyuma. Lakini inafika, na sheli zipo kila mji mdogo kuanzia Mafinga hadi Tunduma.

2. Nishati

Hesabu hii nimeifanya kwa shilingi 3,000 kwa lita, tarakimu ya kukokotolea tu. Bei kikomo hutangazwa na EWURA kila mwezi, na ya huku hukaa juu ya ile ya Dar kwa sababu mafuta husafirishwa kwa lori. Upande wa umeme nimetumia kundi la matumizi ya kawaida la TANESCO: shilingi 292 kwa uniti, ambazo zikiongezwa kodi ya thamani na tozo zinakuwa kama 356. Ndiyo maana LUKU ya 10,000 hukupa uniti 28. Mlaji wa petroli nimempa kilomita 12 kwa lita, wa haibridi 20, na wa umeme uniti 19 kwa kilomita 100 pamoja na zinazopotea wakati wa kuchaji.

| Kwa kilomita 100 | Petroli | Haibridi | Umeme |
|---|---|---|---|
| Kinachotumika | lita 8.3 | lita 5 | uniti 19 |
| Gharama | sh 25,000 | sh 15,000 | sh 6,800 |
| Hewa ukaa | kilo 19 | kilo 11.5 | hutegemea chanzo cha umeme |

Kuna jambo moja watu hulisahau. Kama nyumba yako iko kwenye lile kundi la matumizi madogo linalolipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi, mwisho wake ni uniti 75 kwa mwezi. Gari linalotembea kilomita 1,000 litakula uniti 190 peke yake. Utatoka kwenye kundi hilo, na bei ya umeme wa taa, friji na pasi itapanda pamoja na ya gari. Iweke kwenye hesabu.

Kuchaji nyumbani hakuhitaji mtambo, ila kunahitaji heshima. Soketi ya kawaida huingiza uniti 2 hadi 2.5 kwa saa. Usiku wa saa kumi unatosha kilomita mia moja na ushee. Ni sawa na kuacha jagi la umeme likichemsha maji usiku kucha. Soketi iliyolegea au ekstensheni ya dukani itayeyuka. Mwite fundi umeme avute waya mnene kutoka kwenye ubao mkuu, wenye breka yake na erthi inayofanya kazi, na asome kibandiko cha waya wa kuchajia kabla hajauchomeka: kama umeandikwa volti 100 tu, umeme wetu wa volti 230 utauua. Mpangaji wa chumba kwenye nyumba ya watu wengi, wanaochangia LUKU moja, aliongelee na wenzake kabla ya kulipia gari.

Je, umeme ukikatika? Hukatika. Mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 tulikuwa kwenye mgao, na mwenye Leaf alilazimika kuchaji kila umeme uliporudi, hata saa nane usiku. Lakini katikati ya mwaka huohuo wa 2023 mikoa kadhaa ilikosa mafuta, na wenye petroli tukapanga foleni na madumu. Haibridi ndiyo iliyovumilia zaidi, kwa sababu tangi lake huchelewa kuisha.

3. Betri, spea na fundi

*Petroli.* Kila gereji ya Sido au Soweto inaijua. Spea za IST zipo mpaka miji midogo. Gharama zake ni ndogondogo zisizokoma: oili, filta, plagi, mikanda, oili ya gia, rejeta. Fielder yangu haijawahi kunilaza njiani, ila hakuna miezi mitatu iliyopita bila kuifungua boneti.

*Haibridi.* Ina injini yote ya petroli na juu yake ina betri, mota na inveta. Watu huogopa betri, na hofu hiyo ina msingi kwa gari lenye zaidi ya miaka kumi. Kinachoua betri hizi huku kwetu mara nyingi ni vumbi: feni inayoipooza inavuta hewa kutoka ndani ya gari, karibu na kiti cha nyuma, na barabara zetu za kiangazi huiziba. Mwambie fundi aisafishe kila anapobadilisha oili. Usiweke mizigo mbele ya tundu lake. Betri ikianza kufa, mafundi wanaojua hubadilisha seli zilizochoka badala ya kununua nzima, lakini hakikisha gari linapimwa kwa mashine kwanza, seli kwa seli. Mimi nililipa gereji moja kwa ajili ya Aqua ya dada yangu, tukaambiwa betri imekufa. Kumbe ilikuwa feni imejaa vumbi na nywele za mbwa.

*Umeme.* Hakuna oili ya injini, plagi wala mkanda wa taimingi. Breki hudumu kwa sababu mota inazisaidia. Matairi yanaisha haraka kidogo, maana gari ni zito. Betri ndogo ya volti 12 bado ipo na bado inakufa. Kilichobaki ni betri kubwa, na hapo ndipo pesa yako yote ilipo.

Leaf huonyesha afya ya betri kwa vijiti 12 vidogo pembeni ya kipimo cha chaji kwenye dashibodi. Usivichanganye na vijiti vya chaji, vinavyopanda na kushuka kila siku. Kijiti cha afya cha kwanza kikipotea, betri imeshapoteza kama asilimia 15 ya uwezo wake. Leaf ya uniti 24 au 40 yenye vijiti tisa, muuzaji anaposema "linakwenda kilomita 200", hesabu yake haiwezekani. Omba picha ya dashibodi likiwa limewashwa, na likishafika lipimwe kwa kifaa cha kusoma kompyuta ya gari.

Na hapa Nyanda za Juu tuna bahati ambayo matangazo ya magari hayaitaji. Betri ya Leaf haina mfumo wa kupoozwa kwa maji, na adui yake mkubwa ni joto. Leaf inayoishi Njombe au Mbeya itazeeka polepole kuliko ndugu yake wa Dar au wa Kyela. Baridi ya Juni na Julai hupunguza umbali kidogo, na hita ya ndani ya gari hula umeme, lakini baridi yetu si ya nchi za theluji, na betri iliyopoa haiharibiki. Ikipata joto, uwezo wake unarudi. Blanketi miguuni mwa watoto asubuhi linaokoa uniti.

Tatizo ni fundi. Nyaya nene za rangi ya chungwa, kwenye haibridi na kwenye gari la umeme, zina volti za kuua. Leaf inakaribia 400 ikiwa imejaa. Fundi asiyefundishwa asizishike, hata akiwa hodari wa injini kiasi gani. Kabla hujanunua gari la umeme, mtafute kwanza fundi aliyewahi kulifungua na ana glavu za kazi hiyo. Usipompata mji wako, jumlisha gharama ya kulibeba gari hadi alipo.

4. Barabara

Lami ya TANZAM, barabara kuu ya kwenda Zambia, haibagui. Tofauti inaanza ukikunja kwenda Makete, Ludewa, Ileje au mashamba ya Mufindi mvua zikiwa zimechanganya. Leaf, Aqua, Passo na IST zote ziko chini, na kwenye udongo mwekundu wa masika hakuna hata moja ninayoisifu; Fielder yenye uvutaji wa magurudumu manne, au Probox, inazishinda zote, na hizo ni petroli. Leaf ina wasiwasi wa ziada: betri iko tumboni. Kasha lake ni imara na limezibwa lisiingie maji, lakini jiwe lililochongoka kwenye njia ya shamba ni jambo jingine. Anayekwenda shamba la parachichi kila wiki asiliweke gari la umeme la saluni kwenye orodha yake.

5. Kununua na kuuza

Usimwamini mtu anayekwambia bei ya kufikisha gari bila kutaja mwaka wake. Kodi hutegemea umri, injini na thamani, na kanuni za magari ya umeme si lazima ziwe zile za mwaka uliopita. Ingiza aina na mwaka kwenye kikokotoo cha TRA siku unayotaka kulipa, siyo kabla.

Kuuza ni habari fupi. IST huuzwa ndani ya wiki. Aqua huchukua muda kidogo, kwa sababu mnunuzi anauliza betri. Leaf inamsubiri mnunuzi wake, na mnunuzi huyo atahesabu vile vijiti.

Halafu swali la kurudisha pesa. Tuseme Leaf unayoitaka imezidi gari la petroli kwa shilingi 6,000,000. Ukitembea kilomita 1,000 kwa mwezi unaokoa kama 182,000, na pesa yako inarudi ndani ya miezi 33. Ukitembea kilomita 300, safari za kanisani na sokoni, unaokoa kama 55,000, na inachukua miaka tisa. Betri inaweza kutangulia. Kwa kulinganisha na haibridi, tofauti ya bei ikiwa hiyohiyo, hata kwa kilomita 1,000 ni miaka sita. Kwa hiyo gari la umeme halimlipi mtu wa safari ndefu, wala halimlipi mtu wa safari chache. Linamlipa anayezunguka sana ndani ya duara dogo: dereva wa teksi wa mjini, msambazaji wa bidhaa madukani kati ya Uyole na Mbalizi, mzazi mwenye watoto katika shule tatu.

6. Mazingira

Upande mmoja husema gari la umeme halichafui kabisa. Mwingine husema linachafua kuliko petroli kwa sababu ya betri. Zote mbili hazisimami ukizipigia hesabu.

Lita moja ya petroli ikiungua hutoa kilo 2.3 za hewa ukaa. Hapo ndipo zilipotoka zile kilo 19 na 11.5 kwenye jedwali. Kwa umeme, tuchukue hali mbaya: uniti zote zitoke kwenye mitambo ya gesi asilia. Kila uniti itabeba kama nusu kilo au pungufu, na kilomita 100 zitatoa kilo 8 au 9. Bado ni chini ya haibridi. Na umeme wetu hautoki kwenye gesi tu. Bwawa la Julius Nyerere, mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, limeanza kuingiza umeme kwenye gridi tangu Februari 2024, na uwezo wake kamili ni megawati 2,115. Mtera ina 80, Kidatu 204, Kihansi 180.

Betri nayo ina deni lake. Makadirio mengi ya kutengeneza betri za lithiamu huangukia kati ya kilo 60 na 100 za hewa ukaa kwa kila uniti ya uwezo. Betri ya uniti 40 ina deni la tani 2.4 hadi 4 kabla gari halijatembea. Gari la petroli linalokwenda kilomita 15,000 kwa mwaka hutoa karibu tani 2.9. Deni linalipika ndani ya miaka michache hata kwa umeme wa gesi, na haraka zaidi kwa umeme wa maji. Kwa anayetembea kidogo linachukua muda mrefu, na kwake kutunza gari alilonalo, injini ikiwa imerekebishwa isitoe moshi, kunaweza kuwa uamuzi safi zaidi.

Yapo yasiyopimwa kwa kilo. Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inachimbwa Kongo, jirani yetu, na wachimbaji wadogo huko wanafanya kazi katika hali ninayoiona ni aibu. Kuna betri za fosfati ya chuma zisizotumia kobalti, na kwenye magari mapya zinaongezeka, ila Leaf nyingi zilizotumika si za aina hiyo. Petroli nayo ina uchafu wake wa karibu: oili chakavu inayomwagwa kwenye udongo nyuma ya gereji, na moshi wa Kabwe saa kumi na mbili jioni ambao watoto wa shule wanauvuta wakisubiri daladala. Gari la umeme halitoi moshi huo. Haibridi kwenye foleni ya Mafiati huzima injini, na hiyo ni nafuu ya kweli.

Lakini kinachonigusa zaidi ni maji. Umeme wa maji unaoingia kwenye gari la jirani yangu umeanzia kwetu. Ruaha Mkuu hukusanya mito ya milima hii, ukapita Usangu na bonde oevu la Ihefu, ukajaza Mtera na Kidatu. Maji hayo, pamoja na ya Kilombero na Luwegu, ndiyo Rufiji inayozungusha mitambo ya Bwawa la Nyerere. Tangu miaka ya 1990 Ruaha umekuwa ukikauka ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi, kwa sababu ya maji yanayochepushwa huku juu. Mkulima wa mpunga wa Mbarali, kiboko wa Ruaha na mwenye gari la umeme wanakunywa kutoka chungu kimoja.

Na umeme wa maji wenyewe haukuja bure. Kwenye korongo la Kihansi, milima ya Udzungwa, aliishi chura mdogo wa manjano aliyegunduliwa 1996, asiyepatikana kwingine popote duniani, akitegemea manyunyu ya maporomoko. Maji yalipochepushwa kwenda kwenye mitambo, manyunyu yalikatika karibu yote. Mwaka 2009 alitangazwa kutoweka porini. Alibaki hai kwa sababu karibu vyura 500 walikuwa wamepelekwa kwenye bustani za wanyama Marekani mwaka 2000, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa Kihansi, ambako sasa mabomba hunyunyiza maji badala ya maporomoko. Simtaji kumkatisha mtu tamaa. Anayechagua umeme kwa ajili ya mazingira ana wajibu wa kupigania vyanzo vya maji vya Uporoto, Kipengere na Udzungwa kwa bidii ileile, na kufuatilia uchunguzi wa jotoardhi unaofanywa Ngozi na Kiejo-Mbaka, maana joto la ardhini halikauki kiangazi.

Betri ikishachoka kwa gari, yenye asilimia 60 bado inaweza kuhifadhi umeme wa sola nyumbani. Kazi hiyo inataka fundi mwenye ujuzi, na mpaka tuwe na mahali pa kuzikusanya, isitupwe wala isifunguliwe uani.

Kulingana na hali yako

*Unaishi mjini Mbeya, Iringa au Njombe, una nyumba yako na LUKU yako, na kila siku unatembea kilomita 30 hadi 80 mjini.* Umeme unakufaa. Tafuta ya uniti 30 au 40 yenye vijiti visivyopungua 10. Ya uniti 24 iliyochoka inamfaa tu asiyetoka mjini, na bei yake iwe ya chini kweli.

*Unazunguka mjini wiki nzima, lakini mara moja au mbili kwa mwezi unakwenda Tunduma, Makambako au Kyela.* Haibridi inafanya yote bila kukufikirisha. Leaf ya uniti 40 inawezekana kama mwenyeji wako ana soketi nzuri na unalala huko.

*Nyumbani kuna magari mawili.* Moja la umeme la mjini, na moja la petroli la safari na shamba. Huu ndio mpango ninaouona ukifanya kazi kwa jirani yangu: mkewe ana Probox.

*Safari zako ni Dar, Songea au Dodoma.* Haibridi kama unafuata lami. Petroli kama ukitoka kwenye lami unaingia matopeni.

*Umepanga, mnachangia mita, au gari linalala barabarani.* Usinunue la umeme mwaka huu. Aqua iliyopimwa betri, au IST iliyotunzwa.

*Uko Makete, Ludewa au Ileje vijijini.* Gari la petroli lililoinuka kutoka chini, lenye uvutaji wa magurudumu manne kama mfuko unaruhusu.

*Unaendesha teksi au bajaji mjini.* Piga hesabu ya umeme kwanza kabla ya nyingine zote, kwa kilomita zako halisi za wiki mbili zilizoandikwa kwenye daftari. Uliza pia bei ya bajaji za umeme.

*Unatembea chini ya kilomita 300 kwa mwezi na gari lako bado zima.* Badilisha oili, safisha plagi, jaza upepo matairi, kaa nalo. Mimi niko kundi hili, na Fielder inaingia gereji Jumamosi kufungwa filta mpya.